Mukwe Wetu Golini

Nianze na matokeo, maana ndiyo yanayonifurahisha: Butembo moja, Beni bila. Anayetaka kununa anune. Miaka imepita, vita vimekwenda vikarudi na majina mengine, lakini ile moja-bila bado iko moyoni mwangu kama sabuni mpya ndani ya sanduku la nguo. Nikilifungua, inanukia.

Ilikuwa wakati serikali iko mbali na sisi tuko chini ya waasi, nao waasi wenyewe hawaelewani. Barabara ya Butembo na Beni ilifungwa na kufunguliwa kufuatana na namna kamanda alivyoamka siku hiyo. Mimi nilikuwa nauza vitenge sokoni. Mume wangu alishafariki na sikutafuta mwingine. Nilikuwa na meza yangu, nilikuwa na kaka yangu aliyekaa mtaa wa Bulengera pamoja na mke wake na binti yao, na nilikuwa na timu. Wanawake wenzangu walienda kiwanjani kuuza karanga na ndizi. Mimi nilienda kutazama, kupiga kelele, na kumfundisha arbitre, yule mwamuzi wa filimbi, kazi yake, bila kulipwa.

Kwa asiyejua, sisi wa Butembo tuko juu, kwenye baridi. Wao wa Beni wako chini, kwenye joto na mapapai. Wakipanda kwetu wanavaa koti juu ya koti na bado wanatetemeka kama vifaranga walionyeshewa. Wao nao wanasema sisi ni wachoyo, eti mutu wa Butembo akikualika kula, anakuuliza kwanza kama ulikula kwenu. Uongo mtupu. Tunauliza baadaye.

Sasa, katika vijana wote walioko chini ya jua, binti ya kaka yangu akaenda kumpenda kijana wa Beni. Hilo ningelimeza na maji. Lakini kijana mwenyewe alikuwa gardien wa timu ya Beni, yule golikipa mrefu mwenye mikono kama majembe, aliyekuwa ametulaza na njaa Jumapili nyingi.

— Shangazi, ule mutoto anasali sana, binti aliniambia, akitaka kunilainisha.

— Najua anasali. Mbona penalti zetu zote anazidaka? Iko nani anamusaidia?

Alicheka, lakini hakubadilika. Binti yule nilimlea kama wangu, alinizoea kuliko mama yake, na kichwa chake kigumu nadhani alikitoa kwangu. Alikuwa amengoja mahari yake mwaka mzima. Kila wakwe walipofunga mbuzi wao kamba kuja Butembo, barabara ilifungwa, na mbuzi wakafunguliwa kamba wakarudi kula majani. Nilimwona anakonda. Kwa hiyo habari ilipokuja kwamba Jumapili ile barabara itafunguliwa kwa siku moja, kwa sababu kamanda mwenyewe alitaka kuona mechi ya Butembo na Beni, nilifurahi mara mbili.

Kamio, yaani lori, ilikuwa moja tu. Walipanda wote humo: wachezaji wa Beni, mashabiki wa Beni, wazee wa ukoo wa kijana, na mbuzi. Waliposhuka Butembo asubuhi, ilikuwa shida kujua nani ananuka mbuzi na nani ni mbuzi. Kijana aliachana na wenzake saa chache, akaja Bulengera na wazee wake, amevaa suti juu ya nguo za mpira.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo hamtaelewa goli. Katika ukoo wetu, mbuzi wakishapokelewa, mukwe hamtazami tena mama mkwe wake usoni. Wala shangazi wa binti, kwa sababu shangazi ni mama mkwe wa pili, na mara nyingi ndiye mkali zaidi. Akikutana nasi njiani anaingia kwenye majani, anageuza uso, anainamisha macho. Si woga, ni heshima. Kijana aliyelelewa vizuri hafikirii, mwili unafanya wenyewe, kama mkono unavyorudi ukigusa sufuria ya moto. Inabaki hivyo mpaka tumfungue macho. Siku hiyo anachinjwa mbuzi wa shangazi, mama mkwe na shangazi wanamlisha kijana kwa mikono yao wenyewe, naye anainua uso. Kawaida tunafanya hivyo baada ya ndoa, binti akishapika kwake. Na ndoa yenyewe, siku yake inachaguliwa na shangazi. Ni haki yangu, sikuiba.

Basi, asubuhi ile mbuzi walipokelewa. Wa kwangu alikuwa mweupe, mwenye doa la kahawia jichoni na dharau nyingi usoni. Nilimwita Beni papo hapo, mbele ya wakwe. Wazee wa Beni walilazimika kucheka, kwa sababu siku ya mahari upande wa kijana haukasiriki hata ukimwagiwa maji. Kijana akainamisha macho mbele yangu na mbele ya wifi yangu, taratibu, vizuri kabisa. Binti alikuwa anachungulia nyuma ya pazia, na uso wake uling'aa hata mimi nikasahau kwa dakika nzima kwamba ni siku ya mechi.

Mchana tukaenda kiwanjani. Kaka yangu alibaki nyumbani na wazee, wanamalizia kasiksi, ile pombe ya ndizi. Wifi yangu alinifuata kwa adabu tu. Ni mwanamke wa kwaya, mpole, hajui mpira hata kidogo. Alikaa na rozari yake, akaniuliza mara moja kwa nini wale vijana wote hawapewi kila mmoja mpira wake.

Kiwanja chetu asubuhi kilikuwa cha wanajeshi kupiga gwaride, jioni cha mpira. Kamanda alikaa mbele kwenye kiti cha sebuleni kilicholetwa na walinzi wake, akawaziba watu wa nyuma, na hakuna aliyemwambia asogee. Mechi ilikuwa ngumu. Katikati, ndege ndogo ilipita chini sana ikielekea kutua Rughenda, na sisi wote, kwa mazoea ya miaka ile, tukalala kifudifudi: mashabiki, arbitre, wachezaji, hata walinzi wa kamanda. Tulipoinua vichwa, mtu mmoja tu alikuwa bado amesimama. Gardien wa Beni, mpira mikononi, anatungojea.

— Kijana huyu, nikajisemea, anaweza kututesa mpaka kiyama.

Zikabaki dakika chache, bado bila-bila. Mshambuliaji wetu, fundi wa kushona mwenye cherehani nyuma ya meza yangu, akaangushwa karibu na goli. Wengine watasema alijiangusha. Mimi nilikuwa pale, nawaambia aliangushwa, na kama alijiangusha basi alijiangusha vizuri. Penalti!

Hapakuwa na kamba wala ukuta. Penalti ikitoka, watu wanamwagika kiwanjani, wanajipanga nyuma ya mpigaji, na arbitre anapiga filimbi mpaka anachoka. Nikamwona gardien anatema mate kwenye glavu, anatanua mikono. Alikuwa na desturi ya kumkazia mpigaji macho mpaka mpigaji anasahau mguu upi ni wake. Fundi wetu alishaanza kujikuna. Nikajua tumekwisha. Hapo ndipo wazo likaja. Sikuliita, lilikuja lenyewe, likakaa.

— Wifi, simama. Twende tumusalimie mukwe.

— Sasa hivi? Haiko na kazi?

— Kazi gani? Unaona amesimama tu peke yake kati ya miti mbili.

— Pole yake, wifi akasema, akainuka.

Tulikuwa tumevaa vitenge vya sherehe, rangi moja, manjano ya kuonekana toka Lubero. Nikampenyeza wifi katikati ya watu, samahani huku, samahani kule, tukasimama nyuma kabisa ya fundi wa kushona. Wifi, kwa roho yake safi, akapunga mkono.

Niliona macho ya kijana yakitufikia. Niliona yakianguka. Kichwa kikaenda upande, glavu ikapanda kufunika uso, na fundi akapiga. Penalti mbovu! Sijaona mbovu kuliko ile. Mpira ulitambaa kama kuku mgonjwa, ungeweza kuusindikiza huku unaongea nao. Ukapita kando ya mguu wa gardien, ukaingia.

Jamani! Niliruka, nikapoteza kiatu. Mcheza kwao hutunzwa! Nilimkumbatia fundi, nikamkumbatia arbitre, nilikuwa njiani kumkumbatia kamanda walinzi wakanizuia. Wifi aliniuliza kama ni vizuri au vibaya. Nikamwambia ni vizuri sana, mukwe amepokea salamu.

Watu wa Beni walikuwa wameona kitu kimoja tu: gardien wao amegeuza uso. Hawakutuona sisi, tulikuwa tumepotea katika umati.

— Ameuza match! walipiga kelele. Ameuzisha match juu ya bibi, juu ya muchumba yake!

Ilibidi waondoke mara moja kabla barabara haijafungwa. Kijana alipanda kamio akasimama nyuma kabisa, peke yake, hakuna aliyemsogelea, na wazee wake walishalala mbele kwa kasiksi. Naye hakufungua kinywa. Angesema nini? Kumtaja mama mkwe wake katikati ya wanaume wanaotukana, hiyo kwetu ni mbaya kuliko kufungwa. Nilimwona. Lakini wakati ule nilikuwa naimba.

Wiki ile sokoni nilikuwa waziri wa michezo. Mama mzaliwa wa Beni anayekaa kwetu akija kununua kitenge, nilimuuliza kama anataka chenye ukubwa wa kufunika uso. Nilipanga mechi zote zilizokuwa mbele. Ya marudiano, kule Beni, tulihitaji sare tu. Atakayepita alikuwa anaenda Kasugho, kwa wale watu wa msituni wanaopasua mbao, ambao wakipiga mpira wanapiga na kisiki pamoja. Hao niliwapa mbili-bila, nikiwahurumia. Halafu fainali, hapa kwetu. Kombe lilikuwa jagi la bati lililopakwa rangi ya dhahabu, na nilishamwambia kapiteni kwamba siku ya kwanza litalala kwenye meza yangu, kati ya vitenge.

Kisha kaka yangu akaitwa kwenye phonie. Ndiyo ilikuwa simu yetu, mashine ya redio ndani ya chumba kidogo karibu na soko. Unangoja zamu yako, unaongea na Beni kwa sauti kubwa, na wafanyabiashara wote waliokuja kuuliza bei ya maharagwe wanasikia mambo ya nyumba yako. Nilimsindikiza. Sauti ya baba ya kijana ikatoka, inakwaruza:

— Mutoto yetu banamuita muuza-match. Kocha amemutoa mu timu. Njiani banamutupia maganda ya papai. Yeye hasemi kitu. Mimi ninajua mutoto yangu, hawezi uzisha. Mais jina yake ilichafukia kwenu, donc kwenu njo itasafishwa. Kama hapana, ndoa inakufa. Mbuzi mutaturudishia siku barabara itafunguka. À vous.

À vous, yaani zamu yetu kujibu. Watu wa maharagwe wakageuka wote kututazama. Kaka yangu alishika kile chombo cha kuongelea, akanigeukia mimi. Mimi nilitazama miguu yangu.

Nyumbani, kaka alieleza yote mbele ya mke na binti. Binti hakulia mara moja. Wifi ndiye aliyelia, akasema:

— Masikini ya Mungu! Mutoto mwenye heshima vile! Hata siku ile tulienda kumusalimia, akatuinamishia macho muzuri sana.

— Mulimusalimia wapi, mama? binti akauliza.

— Pale pale mu kiwanja. Kati ya miti mbili. Mutu alikuwa anataka kupiga mupira.

Kaka yangu, ambaye anapenda Butembo kuliko mimi, aliuma mdomo, mabega yakaanza kutikisika, akatoka nje haraka kwenda kucheka nyuma ya choo. Tulimsikia. Binti hakucheka. Alinigeukia.

— Shangazi.

— Nini?

— Weye njo ulimufunga macho. Weye njo utamufungua. Mbele ya match ya Beni, kabla haijachezwa.

— Mbele? Juu ya nini mbele? Tunaweza kumufungua nyuma ya match, pole pole, hata nyama inaiva muzuri...

— Mbele.

Halafu machozi yakaja.

— Basoda ba kamanda balifungua barabara, alisema. Mwaka muzima nilikuwa nabangojea. Balifungua, na weye, shangazi yangu, ukaifunga.

Nilitoka nje. Mbuzi wangu Beni alikuwa amefungwa kwenye mparachichi, anatafuna maganda ya ndizi, ananitazama kwa ile dharau yake. Nilikuwa nimempenda yule mbuzi. Nilimkuna kichwa nikamwambia: jiandae, tunasafiri.

Sijutii penalti ile, msinielewe vibaya. Mtu atakayeniambia nitubu kwa ajili ya goli la Butembo, namwonyesha mlango. Lakini goli ni goli, na mtoto wangu ni mtoto wangu.

Siku ya marudiano barabara ikafunguliwa tena. Nilipanda kamio pamoja na kaka, wifi, timu yetu, mashabiki wetu, na Beni kati ya magoti yangu. Hakuna aliyeuliza mbuzi ni wa nini. Walidhani nampeleka kuwachokoza wenyeji. Kwenye barriere ya mwisho, kizuizi cha barabarani, mwanajeshi mmoja akamwona, macho yakamng'aa.

— Mama, ntaba oyo anaenda wapi?

— Anarudi kwao.

— Huyu anaweza kubaki hapa na sisi, likambo te, hakuna neno.

Nikashuka ili niongee naye pembeni, nikamweleza kwamba ni mbuzi wa kumfungua macho mukwe, gardien wa Beni. Yule mwanajeshi akakunja uso.

— Ule aliuza match?

— Hakuuza! Nilimfokea mpaka nikajishangaa. Hakuuza kitu! Iko mutoto wa watu!

Alinitazama, akatazama mbuzi. Kumbe alikuwa ametumikia Beni miezi mingi na timu ya Beni ilikuwa imemwingia damuni.

— Basi afunguliwe mbio, akasema, akainua mti. Pita, mama, pita!

Nyumbani kwa wakwe joto lilikuwa la kuivisha mayai. Beni alichinjwa, sikuenda kutazama. Baba ya kijana, aliyejulishwa kwa phonie kwamba tunakuja, alikuwa amemwalika kocha akae hapo, awe shahidi, kwa sababu kocha alisema jambo likisafishwa kabla ya mechi kijana atacheza, lisiposafishwa aende kulima. Nilijaribu mara moja tu. Nilibonyeza nyama kwenye sufuria, nikasema bado ngumu, labda jioni. Kaka yangu alinitazama jicho moja, nikaacha.

Wakatulia wote, wakanipa neno. Sikuzunguka.

— Siku ile, nikasema, mimi na mama mukwe wake tulisimama mbele ya macho yake, penalti inapigwa. Akafanya kile munafundisha batoto yenu. Hakuuzisha. Kama munapenda gardien hana adabu, mutafute ingine.

Kocha alishika kichwa kwa mikono miwili. Baba ya kijana kicheko kikamtoka tumboni, akapiga goti lake, akasema watu wa Butembo ni hatari, hata Mungu anawahesabu mara mbili. Wifi alichukua kipande cha nyama akamlisha kijana kwa mkono wake. Mimi nikachukua changu. Nilichelewa kukifikisha mdomoni kwake, sijui kwa sababu ya Beni ndani ya sahani au kwa sababu ya mechi. Kijana alitafuna, akameza, akainua uso.

Nilikuwa sijawahi kuyaona macho yake karibu. Yalikuwa yamejaa kicheko. Kumbe kijana alikuwa mchokozi kama mimi! Nikamchukia na kumpenda kwa wakati mmoja.

Mechi ya Beni sitaki kuieleza sana. Wachezaji wetu walikuwa wanatafuta kivuli kuliko mpira. Beni wakafunga moja, wakafunga ya pili, na kwa hesabu ya mechi zote mbili wakawa mbele yetu kwa goli moja. Tayari nilikuwa nimekunja kitenge changu tuondoke, fundi wa kushona akaangushwa tena. Safari hii hata mimi nasema alijiangusha. Penalti! Tukifunga, tunakuwa sawa.

Nilibaki nimekaa. Nilijua macho yameshafunguliwa, na niliyafungua mimi. Lakini nikahisi mkono umenishika. Wifi yangu.

— Kuya, wifi. Tumusalimie mukwe. Leo anaweza kutuona muzuri.

Nikainuka. Na nitasema ukweli, moyoni nilijiambia: mazoea yana taabu, labda mwili wa kijana haujasikia habari kwamba macho yamefunguliwa, labda yataanguka yenyewe. Tukapenya, tukasimama nyuma ya fundi, vitenge vya manjano vilevile. Wifi akapunga mkono.

Kijana akatutazama. Hakuinamisha kitu. Alitutazama usoni, wifi kwanza, mimi baadaye, na meno yake yote nje.

— Wasingya, shangazi! akaniambia kwa sauti, na wasingya ndiyo asante ya kwetu.

Fundi akapiga, na safari hii alipiga vizuri, chini, pembeni. Yule kijana akaruka kama amefunguliwa kamba. Akaudaka. Hakuutema, aliudaka, akabaki chini ameukumbatia kifuani.

Mikono yangu ikapiga makofi. Sikuituma. Mwili ulifanya wenyewe.

Watu wa Butembo waliona kitu kimoja tu: mimi, shabiki namba moja, napiga makofi. Na habari za mbuzi zilikuwa zimeshavuja toka jikoni kwa wakwe mpaka kiwanjani.

— Ameuza match! Ameuzisha Butembo juu ya mukwe!

Mwosha huoshwa. Kwenye kamio ya kurudi nilisimama nyuma kabisa, na hakuna aliyenisogelea isipokuwa wifi, aliyekuwa anamshukuru Bikira Maria kwa siku nzuri. Fundi wa kushona, ambaye nilimpa wateja miaka yote, alinigeuzia mgongo. Nilikuwa na majibu mengi, mazuri, makali. Lakini kila jibu lilipita kwenye nyumba ya wakwe, kwenye sahani yao, kwenye jina la mtoto wetu. Nikanyamaza mpaka Butembo, na kila kona ya barabara ile nilimkumbuka kijana aliyesimama mahali pale pale, amenyamaza vilevile kwa ajili yangu.

Binti alikuwa mlangoni. Hakuuliza mabao.

— Shangazi, alikuangalia?

— Aliniangalia.

— Na mama?

— Na mama yako. Akacheka hata.

Akakaa chini palepale mlangoni, akafunika uso, akalia. Nikakaa karibu naye. Baadaye akaniuliza kwa nini nimevaa sura ile, na mimi nikamwambia kamio nzima inasema nimeuza match.

— Na weye, ulijibu nini?

— Kitu hapana. Niliuzisha, si ni kweli? Mais mutu ya Butembo hauzishake kwa hasara.

Alinilalia begani. Nyuma ya nyumba kamba ya Beni ilikuwa bado imefungwa kwenye mparachichi.

Siku chache baadaye wakwe wakauliza kwa phonie, mbele ya watu wa maharagwe, shangazi anachagua siku gani ya ndoa. Nilisema nitafikiri. Sikufikiri sana. Nilichagua Jumapili ya mechi ya Beni na Kasugho.

Ndoa ilikuwa nzuri, Bulengera yote ilikula. Kijana alikuwa amependeza, amekaa mbele na bibi yake, mikono yake ile mikubwa haina kazi. Jioni habari ikafika: Kasugho tatu, Beni bila, golini waliweka mtu anayeuza mikate. Kaka yangu alikimbilia tena nyuma ya choo. Mimi nikajishughulisha na sahani. Nilipoinua kichwa, mukwe wetu alikuwa ananitazama kutoka kwenye kiti chake cha bwana harusi, usoni, kwa macho yote mawili, na hakuyatoa.

Mimi ndiye niliyeinamisha yangu.